Picha ya Kichwani ni Sentensi ya Kwanza: Jinsi ya Kuchagua Picha ya Juu ya Tovuti ya Biashara

Ukifungua tovuti ya kampuni yoyote leo, iwe ya hoteli, ya farmasi au ya muuzaji wa saruji, kitu cha kwanza kukutana na macho yako ni picha pana iliyotanda juu ya ukurasa, kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi ukingo mwingine. Juu ya picha hiyo kwa kawaida kuna jina la kampuni, sentensi moja au mbili, na kitufe cha kubonyeza. Katika makala haya tutaiita picha ya kichwani. Msomaji huiona kabla hajasoma neno lolote, na mara nyingi huamua hapohapo kama ataendelea au atarudi alikotoka.

Mtu anaweza kuuliza: jambo hili linahusu nini jarida la fakulti ya lugha? Si kazi ya mafundi wa kompyuta na wapiga picha? Ni kweli kwamba fundi ndiye anayeiweka picha mahali pake. Lakini picha hiyo inasema nini, inamwambia nani, na inapatana vipi na maneno yaliyo kando yake? Hayo ni maswali ya isimu. Tena yana faida ya mfukoni. Tunaosoma lugha huombwa na wafanyabiashara tuwaandikie maneno ya tovuti zao au tuyatafsiri. Tukifika, tunakuta picha imeshachaguliwa, na maneno yetu yanalazimika kuishi chini ya picha isiyopatana nayo. Anayejua kusoma picha anaweza kutoa shauri mapema, kabla mteja hajapoteza pesa.

Hoja ya makala haya ni moja: picha ya kichwani ichaguliwe kama tunavyochagua sentensi ya kwanza ya barua tunayomwandikia mtu asiyetujua. Iwe ya kweli, iseme jambo moja, na iyaachie maneno nafasi yao. Mengine yote, hata uzuri wa rangi, yanafuata nyuma ya hayo matatu.

Vibao vya rangi vilitutangulia

Kabla ya intaneti, biashara za kwetu zilikuwa tayari na picha zao za kichwani: vibao na kuta zilizochorwa kwa rangi. Saluni hujulikana kwa vichwa vilivyosukwa mitindo mbalimbali, mshonaji kwa mkasi na cherehani, fundi wa magurudumu kwa tairi. Mteja asiyejua kusoma anaelewa, na anayejua kusoma anaelewa upesi zaidi. Chéri Samba, mchoraji wa Kongo anayejulikana duniani kote, aliyezaliwa mwaka 1956, alijifunza kazi katika karakana za wachora vibao mjini Kinshasa kabla ya kufungua karakana yake mwenyewe mwaka 1975. Baadaye akawa anaandika maneno ndani ya picha zake, ili mpita njia asitazame tu na kwenda zake, bali asimame asome.

Kibao kizuri cha saluni kina sifa tatu. Kwanza, kinaonyesha kazi inayofanyika humo ndani, kwa mitindo ambayo wateja wa mtaa huo wanaitambua kuwa yao. Pili, kinaeleweka kutoka ng'ambo ya barabara. Tatu, mchoro haulifuniki jina la saluni. Ajabu ni kwamba mfanyabiashara yuleyule, siku anapofungua tovuti, huiacha hekima hiyo mlangoni. Anatafuta picha ya watu wenye suti wanaopeana mikono mbele ya ghorofa za vioo, kwa kuwa ameambiwa kwamba hiyo ndiyo sura ya kampuni ya maana. Tuone kwa nini picha hiyo haimfanyii kazi anayotaka.

Mfano, dalili na makubaliano

Mwanafalsafa wa Marekani Charles Sanders Peirce (1839–1914) aligawa ishara katika aina tatu, kufuatana na jinsi ishara inavyofungamana na kitu inachokitaja. Aina ya kwanza ni ishara ya mfano: inafanana na kitu chenyewe, kama mchoro wa samaki ulio juu ya duka la samaki. Aina ya pili ni ishara ya dalili: imeunganishwa na kitu chenyewe kwa sababu na matokeo, kama moshi na moto. Methali yetu imekwisha kulisema hilo: dalili ya mvua ni mawingu. Aina ya tatu ni ishara ya makubaliano: haifanani na kitu wala haikuzaliwa nacho, bali watu wamekubaliana, kama neno "mti" au msalaba wa kijani wa farmasi.

Sasa, picha iliyopigwa kwa kamera ni mfano na dalili kwa pamoja. Inafanana na kitu, na tena ni alama ya nyayo zake: mwanga uliotoka kwenye kitu hicho ndio ulioingia katika kamera. Roland Barthes alilitafakari jambo hilo katika kitabu chake *La chambre claire* cha mwaka 1980: picha ya kamera inashuhudia kwamba kitu kilikuwapo mbele yake. Hapo ndipo penye nguvu ya picha kwa biashara. Mteja aliye mbali hawezi kushika bidhaa, wala kuona uso wa muuzaji. Picha inasimama kama shahidi: mahali hapa papo, mikono hii ipo, kazi hii inafanyika.

Picha ya watu wa suti wanaopeana mikono inabaki na mfano lakini imepoteza dalili. Au tuseme, ni dalili ya kitu kingine: studio ya mpiga picha wa nchi nyingine, na watu waliolipwa kwa saa chache. Picha hiyohiyo imeuzwa kwa yeyote aliyeitaka. Mteja mwenye shaka anaweza kuipakia katika Google au TinEye, akaikuta katika tovuti nyingine nyingi ambazo hazina uhusiano na kampuni yako. Na kwa kuwa wadanganyifu wa intaneti nao huazima picha za namna hiyo ili waonekane wakubwa, mfanyabiashara mwaminifu anajikuta amevaa nguo ya mwizi bila kujua. Alitafuta heshima, akapata shaka.

Hata ishara ya makubaliano iliyo ndani ya picha hiyo haiko salama. Kwetu, katika sehemu nyingi, anayemsalimia mkubwa hutoa mkono wa kuume huku mkono wa kushoto ukiushika ule wa kuume kwa heshima. Salamu za picha za kununua hazina jambo hilo. Msomaji wa hapa labda hatalitaja kwa maneno, lakini anahisi kwamba watu hawa si wa huku.

Picha zinazotengenezwa na akili bandia zimeongeza uzito wa hoja hii. Picha ya namna hiyo inaweza kuonyesha soko, mlima na nyuso zinazofanana na za kwetu, lakini haishuhudii mahali hapo wala watu hao. Kwa tangazo la sherehe au kwa mapambo, haina ubaya mkubwa. Kwa kichwa cha tovuti inayomwambia mgeni "tuamini, tutumie pesa", ni shahidi ambaye hakuwapo.

Maneno hutia nanga

Tukishapata picha ya kweli, linakuja swali la maneno. Hapa Barthes anatusaidia tena, kwa makala yake ya mwaka 1964 yenye jina *Rhétorique de l'image*, ambayo wengi wetu tumeisikia katika masomo ya semiotiki. Alichunguza tangazo la tambi la kampuni ya Panzani: wavu wa sokoni uliofunguka, ndani yake pakiti za tambi, kopo, nyanya, vitunguu, pilipili na uyoga. Alionyesha kwamba rangi na vitu vile vilimnong'oneza msomaji wa Ufaransa wazo la Italia, ingawa kampuni yenyewe ilikuwa ya Ufaransa. Alionyesha pia kwamba picha peke yake ina maana nyingi zinazoelea, na kwamba maneno yanaweza kuifanyia kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kutia nanga: maneno yanachagua maana moja kati ya nyingi na kuishikilia, kama jahazi lisichukuliwe na maji. Kazi ya pili ni kupokezana: maneno yanasema jambo ambalo picha haisemi, kisha maana kamili inapatikana kwa kuviunganisha viwili hivyo, kama katika vitabu vya picha za kuchekesha.

Tutumie mfano. Tuseme ushirika wa wakulima wa kahawa kando ya Ziwa Kivu unataka tovuti ili wanunuzi wa mbali waujue. Picha ya kwanza inayokuja akilini ni kikombe cha kahawa chenye povu, juu ya meza ya mbao. Ni nzuri, lakini kikombe hicho kinaweza kuwa cha mkahawa wa mji wowote. Maneno "Kahawa ya Kivu" yakiandikwa juu yake yatajaribu kutia nanga mahali ambapo hakuna ardhi.

Chukua sasa picha nyingine: mikono inachambua kahawa juu ya meza ndefu za kukaushia, nyuma kuna vilima na ziwa. Kahawa ya Arabika ya Kivu huchumwa kwa mkono, huoshwa, hukaushwa juani juu ya meza hizo, na mbegu mbovu hutolewa moja moja. Mnunuzi anayejua kahawa ataelewa palepale kwamba hapa kazi inafanywa kwa uangalifu. Maneno hayana haja tena ya kusema "tuna ubora wa hali ya juu", sentensi ambayo kila mtu anaiandika na hakuna anayeisoma. Yanaweza kupokea pale picha ilipoishia: jina la ushirika, mahali, msimu wa mavuno, na namna ya kuagiza.

Kutokana na hayo tunapata jaribio rahisi. Funika maneno kwa mkono, uitazame picha peke yake: je, inakwambia biashara hii ni ya nini? Kisha funika picha, usome maneno peke yake: je, yamerudia kilekile kilichokuwa katika picha? Picha isiyosema kitu na maneno yanayorudia ni magonjwa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Macho yanaangalia wapi?

Gunther Kress na Theo van Leeuwen, katika kitabu *Reading Images* cha mwaka 1996, walichukua sarufi ya Michael Halliday wakaitumia kwa picha. Walieleza kwamba mtu aliye ndani ya picha akimtazama msomaji machoni, picha inafanya tendo la kudai: inamwita, inamwomba ajibu. Mtu akiangalia kazi yake au akiangalia kando, picha inafanya tendo la kutoa: inampa msomaji kitu cha kutazama kwa utulivu. Ni kama tofauti ya "Karibu!" na "Hapa tunashona nguo."

Hakuna lililo bora siku zote. Daktari, mwalimu wa lugha, au mtu yeyote ambaye mteja ananunua uaminifu wake, anaweza kutazama kamera: uhusiano wa ana kwa ana ndio unaouzwa. Fundi, mkulima au kiwanda ni afadhali waonyeshwe kazini, macho yakiwa kwenye mikono. Kinachoharibu ni kuchanganya: watu sita wamesimama msitari mmoja, kila mmoja anatazama upande wake, na mgeni hajui ameitwa au ameonyeshwa nini.

Waandishi hao walisema pia kwamba, katika maandishi yanayosomwa kutoka kushoto kwenda kuume, upande wa kushoto huelekea kubeba lililokwisha kujulikana na upande wa kuume lililo jipya. Sisi wanafunzi wa isimu tunalijua jambo hilo katika sentensi. Likichukuliwa kama mwongozo tu, linasaidia: mtu aliye kushoto mwa picha akielekeza uso kuume, jicho la msomaji linamfuata hadi kwenye sentensi na kitufe vilivyoko huko. Akielekeza uso nje ya ukurasa, msomaji naye anatoka.

Kisa cha ofisi ya tafsiri

Tuchukue sasa biashara iliyo karibu nasi kuliko zote. Wahitimu wawili wa lugha wanafungua ofisi ya tafsiri: Kifaransa, Kiswahili na Kilingala. Wanatafuta picha ya kichwani. Tovuti nyingi za kazi hii zinaweka bendera, au tufe la dunia lililozungukwa na salamu za lugha nyingi.

Mwanaisimu lazima asimame hapo. Bendera ni ishara ya makubaliano inayotaja nchi, haitaji lugha. Kiswahili tukiwekee bendera gani? Ya Tanzania? Ya Kenya? Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Na Kifaransa, ambacho katiba hiyohiyo inakiita lugha rasmi ya Kongo, tukiwekee bendera ya Ufaransa? Ofisi inayokosea jambo hilo katika picha yake ya kwanza imemwambia mteja, bila kukusudia, kwamba haifikirii sana juu ya lugha. Tufe la dunia nalo halikosei, ila halisemi kitu: kampuni ya usafiri, benki na chuo vyote vinalitumia.

Wafanye nini basi? Wajiulize mteja wao anaogopa nini. Mtu anayeleta mkataba, hati ya mahakama au cheti cha kuzaliwa haogopi kwamba mfasiri hajui salamu za lugha nyingi. Anaogopa kosa moja dogo litakaloharibu karatasi yake: tarehe, jina, kiasi cha pesa. Kwa hiyo picha inayomjibu ni ya meza ya kazi: kurasa mbili sambamba, moja ya Kifaransa na moja ya Kiswahili, kalamu imeshikwa mkononi, masahihisho yanaonekana pembeni, kamusi imefunguliwa. Isiwe hati ya mteja halisi, kwa maana siri yake ndiyo mali yake; iandikwe nyingine kwa ajili ya picha tu. Halafu maneno yapokee: "Tunatafsiri mikataba, hati za mahakama na vyeti. Kila hati husomwa na watu wawili." Sentensi hiyo ya pili iandikwe tu ikiwa ni kweli. Picha inaonyesha uangalifu, maneno yanataja mipaka ya kazi. Kupiga picha hiyo kunahitaji simu nzuri, meza karibu na dirisha, na nusu siku ya subira.

Uzito, ukingo na mwanga

Picha iliyochaguliwa vizuri inaweza kuuawa na mambo madogo ya ufundi. Nitataja manne ambayo mtu wa lugha anaweza kuyaangalia mwenyewe.

La kwanza ni uzito. Picha iliyotoka kwenye simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1920 na kubanwa katika umbo la JPEG au WebP, mara nyingi inashuka hadi kilobaiti 200 au 300, na jicho halioni tofauti. Kwa msomaji anayenunua mega zake kidogo kidogo, hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara kumi. Google hupendekeza kwamba kitu kikubwa kuliko vyote katika ukurasa, ambacho mara nyingi ni picha hii, kionekane ndani ya sekunde 2.5. Mteja anayengoja mbele ya kioo cheupe hataiona mikono inayochambua kahawa.

La pili ni ukingo. Picha pana ya kompyuta ikifika kwenye simu hukatwa pande zote mbili. Ikiwa ziwa liko kushoto na mikono iko kuume, simu inaweza kuonyesha meza tupu. Kiini cha picha kikae karibu na katikati, au fundi awekewe picha ya pili, ya wima, kwa ajili ya simu. Tovuti ijaribiwe kwenye simu kwanza, kwa maana wateja wengi wa huku watakuja kwa simu.

La tatu ni tofauti ya mwanga kati ya herufi na picha. Miongozo ya kimataifa ya W3C inataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Herufi nyeupe juu ya mawingu meupe hazisomeki. Chagua picha yenye sehemu tulivu, kama ukuta, anga la jioni au maji, maneno yakae hapo. Au mwambie fundi atandaze kivuli chepesi juu ya picha. Na jina la kampuni lisichorwe ndani ya picha yenyewe, maana likikatwa na simu limepotea, na mashine za kutafuta hazilisomi vizuri.

La nne ni maneno mbadala: sentensi fupi isiyoonekana, inayosomwa kwa sauti na programu za wasomaji wasioona, na inayojitokeza picha ikikataa kufunguka. Hiyo ni kazi yetu kabisa. "Picha ya kahawa" haitoshi. "Mikono ya wachambuzi juu ya meza ya kukaushia kahawa, Ziwa Kivu likiwa nyuma" inatosha. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo kwa maneno yasiyozidi ishirini, huenda picha inasema mambo mengi mno.

Picha ina mwenyewe

Jambo la mwisho ni haki. Wengi wanadhani picha iliyoonekana katika Google ni kama embe lililoanguka njiani. Sivyo. Kongo ina sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki za watungaji, na mpiga picha ni mtungaji pia. Kuna hazina zinazotoa picha kwa ruhusa bila malipo, kama Unsplash, Pexels na Pixabay, lakini hata huko masharti husomwa kwanza. Picha hizo zinafaa kwa mambo ya pembeni. Kichwani, kama tulivyoona, zinaleta ushahidi wa mahali pengine.

Na mtu aliyemo ndani ya picha ana haki yake. Mama anayechambua kahawa aulizwe kabla, kwa lugha anayoielewa, picha itakwenda wapi na itakaa muda gani, na akikataa aachwe. Kanuni ya Dijitali ya mwaka 2023 imeleta katika sheria zetu ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini hata pasipo sheria, uso wa mtu ni jina lake, na jina halitumiwi bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo, wenzangu, mteja akituomba maneno ya tovuti, tuombe kwanza kuiona picha. Tumuulize mambo manne: ilipigwa wapi? Inasema nini maneno yakifunikwa? Itaonekanaje katika simu ndogo yenye mega chache? Na waliomo wamekubali? Akikosa jibu la swali la kwanza, tumshauri atoke nje na simu yake, asubuhi wakati jua halijawa kali, akapige picha ya kazi yake mwenyewe. Kisha maneno yetu yatakuwa na kitu cha kupokea.